Mwalimu kishikwambi anacho, mpeni na saa ya kukizoea

Nikishuka kwenye bodaboda katika shule yoyote ya msingi ninayoitembelea hapa Kwimba, mkoani Mwanza, nikiwa na begi langu la chaja, flashi na memori kadi, swali la kwanza ninaloulizwa halihusu kufundisha. Mwalimu ananisalimia, ananivuta pembeni chini ya mwarobaini, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, neno la siri limenigomea." Mara ni akaunti yake ya ESS, mfumo wa mtumishi wa umma kujihudumia mtandaoni, mara ni majukumu ya kujaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wake, mara ni mtoto aliyehamia kutoka Maswa ambaye jina lake bado halijahamishwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na mtihani wa darasa la nne ndio huo unakaribia.

Naanza na hilohilo. Wapo wenzangu wanaoona kwamba mwezeshaji wa TEHAMA ashughulike na somo darasani tu, mambo ya mifumo ya utumishi yana wenyewe. Mimi sikubaliani nao. Mwalimu mwenye wasiwasi kwamba kazi yake ya mwaka mzima haitaonekana kwenye tathmini hawezi kutulia anisikilize nikimweleza namna ya kuonyesha video ya mzunguko wa damu. Kwa hiyo tunakaa kwenye benchi, tunatafuta cheki namba yake, yaani namba yake ya utumishi, tunaweka neno jipya la siri, naye analiandika nyuma ya daftari la maandalio ingawa nimemwomba asiliandike. Akishatulia, ndipo namuuliza: darasani kwako kuna kitu gani kinakusumbua?

Nalishikilia sana swali hilo. Nikimuuliza mwalimu anataka kujifunza programu gani, atanitajia aliyoisikia kwenye semina, au atanyamaza. Nikimuuliza kinachomsumbua, atazungumza mpaka kengele igongwe. Watoto hawana vitabu. Darasa la tano hawaelewi sehemu. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna anayemsikia mwenzake. Humo ndimo ninapotafuta kazi ya kukipa kile kishikwambi alichokizungushia kitambaa ndani ya mkoba.

Vishikwambi hivi vilikuja kwa njia ambayo wengi wetu tunaikumbuka vizuri. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na ndiyo iliyotupa hesabu ya Watanzania 61,741,120. Sensa ilipokwisha, serikali ikaamua vifaa hivyo viende kwa walimu. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba makarani wengi wa sensa walikuwa walimu wenyewe. Walipita kaya kwa kaya, wakajaza dodoso refu kwenye kioo, wakahifadhi, wakatuma, wakahamia boma la pili. Sikumsikia mtu akisema kwamba walimu ni wazito wa teknolojia. Walikuwa wamepewa mafunzo ya siku kadhaa mfululizo, wakapewa kazi moja inayoeleweka, wakapewa posho, na wakawa na msimamizi wa kumpigia simu mambo yakikwama.

Kishikwambi hichohicho kiliporudi kwa mwalimu kama zana ya kufundishia, hakikuja na siku hizo. Ninapomsikia mtu akilalamika kwamba walimu wamepewa vifaa na hawavitumii, huwa namkumbusha mwaka 2022. Walimu ni walewale, na kifaa ni kilekile.

Nimtaje mama mmoja ambaye amebakiza muda mfupi kufikisha miaka 60 na kustaafu. Amefundisha darasa la kwanza tangu kabla sijaanza shule, na watu wazima kijijini kwake bado wanamwamkia shikamoo wakiwa na majembe begani, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Ananiita mwanangu. Kishikwambi chake kilikuwa bado na ile karatasi ya plastiki juu ya kioo. Aliponikabidhi alisema, "Shika wewe, mwanangu, mimi nitakiharibu."

Sikukishika, kwa sababu nina kanuni moja ambayo siivunji: kifaa kinabaki mkononi mwa mwalimu, mimi nakaa ubavuni. Mwezeshaji akishakichukua, akagusagusa haraka na kukirudisha kikiwa tayari, mwalimu anajifunza jambo moja tu, kwamba kitu hiki kina watu wake na yeye si mmoja wao.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa kidole. Alibonyeza kwa nguvu na kushikilia, kama mtu anayebonyeza kengele ya geti. Kioo kinapobonyezwa hivyo hakifungui kitu. Kinaleta orodha ya maneno madogo, picha zinatikisika, na mtu anayeanza anaamini ameshakiharibu. Juu ya hapo, ngozi ya kidole iliyokaushwa na chaki na jembe kwa miaka mingi wakati mwingine haisikiki kabisa kwenye kioo. Tukaitoa ile plastiki. Akapaka mafuta kidogo mikononi, akajifuta kwa kanga. Kisha nikawa namwambia maneno mawili tu: gusa, achia. Akarudia mwenyewe, gusa, achia, kwa mahadhi yaleyale anayowafundishia watoto silabi. Akafungua kamera, akafunga, akafungua. Alipiga picha ya mguu wake, ya dari, ya kikombe cha chai. Nusu saa nzima hatukufanya kingine, na naihesabu kuwa nusu saa iliyotumika vizuri sana.

Kazi ile ilifaulu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Mwalimu mkuu alikuwa ameenda Ngudu, makao makuu ya wilaya, kwenye kikao, walimu vijana walikuwa madarasani, na watoto wake walikuwa wamesharudi nyumbani. Mtu anayeheshimiwa na kijiji kizima hawezi kukubali kuonekana anababaika mbele ya ajira mpya wa miaka 25, sembuse mbele ya watoto. Watu wakiniuliza kikwazo kikubwa ni nini, wanategemea niseme umeme au bando. Mimi nasema aibu, na dawa ya aibu ni kumpa mtu muda wa kukosea pasipo kutazamwa.

Umeme na bando navyo vina shida zake, sikatai. Shule nyingi ninazopita zina umeme kwenye ofisi ya walimu na hazina hata soketi moja darasani, basi tunachaji ofisini na kubeba. Bando ni la mwalimu mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, na siwezi kumlaumu akilitunza kwa ajili ya kuongea na watoto wake walioko mbali. Ndiyo maana natembea na memori kadi. Vitabu vya kiada vilivyomo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ninavipakua nyumbani usiku, navihifadhi, kisha walimu wananakili na kurushiana wenyewe kwa bluetooth wakiwa ofisini. Kwa darasa ambalo kitabu kimoja kinazungukwa na vichwa vingi, mwalimu kuwa na nakala yake mwenyewe ya kuandalia somo ni nafuu ya kweli.

Jambo linaloniuma zaidi ni kabati. Katika shule kadhaa nimekuta projekta na vishikwambi vimefungiwa kwenye kabati la chuma, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hayupo. Zamani nilikuwa mwepesi wa kuwasema wakuu hawa, lakini hoja yao ina uzito. Amesaini kupokea mali ya serikali. Ikipotea, ikivunjika, ikinyeshewa, jina lililoko kwenye leja ni lake, na mkaguzi akija atataka kuiona ikiwa nzima. Hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza imetumika mara ngapi. Mtu akiwekewa mizani ya namna hiyo, kufunga kabati ndiyo busara.

Kilichosaidia katika shule moja kilikuwa kikao cha kamati ya shule. Mwalimu mkuu alilileta suala kama ajenda. Wajumbe, wakiwamo wazazi na mwenyekiti wa kitongoji, wakajadili na kuandika kwenye muhtasari kwamba vifaa vitatumika madarasani na vile vya walimu vitaenda nyumbani, na kwamba uharibifu wa kawaida wa matumizi hautakuwa deni la mtu. Likawekwa na daftari la kutoa na kurudisha. Muhtasari ule wa ukurasa mmoja ulifungua kabati ambalo semina hazikuwahi kulifungua.

Sasa nirudi kwenye swali langu la kinachomsumbua mwalimu, maana ndilo lililonifikisha kwenye jambo bora kuliko yote niliyowahi kuyaona katika kazi hii.

Mwalimu mmoja wa darasa la pili, shule iliyo kando ya majaruba ya mpunga, alinijibu hivi: "Wakisoma wote kwa pamoja wanasoma vizuri mno. Nikimsimamisha mmoja mmoja, wengi hawajui. Sielewi tatizo liko wapi." Darasa lake lina watoto zaidi ya mia moja. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa ya chini yamefurika, na ni jambo jema kwamba watoto hao wako shuleni. Lakini mwalimu wa watoto mia hana njia nyingine isipokuwa kuwasomesha kwa pamoja.

Hatukuweka programu yoyote mpya. Kishikwambi chake kilikuwa na kinasa sauti, kama simu yoyote. Tukakiweka kwenye dawati la mstari wa nyuma, tukakifunika kidogo na daftari ili watoto wasikikodolee macho. Yeye akaenda mbele kama kawaida, akachukua fimbo ya kuonyeshea ubaoni, akaongoza: Baba analima shamba. Mama anarudi sokoni. Watoto wanatembea njiani. Darasa likaitikia kwa sauti ile inayosikika hadi barabarani.

Saa nne, watoto wakiwa wanakunywa uji, tukasikiliza ofisini. Ukisimama mbele ya darasa, sauti inayokufikia ni ya mistari miwili ya kwanza, nayo ni ya watoto wanaojua. Kutoka nyuma ilisikika habari nyingine. Watoto wa nyuma walikuwa wanaingia wakiwa wamechelewa kidogo, silabi moja au nusu yake. Mbele wakisema "a-na-li-ma," nyuma inatokea "-lima." Likija neno refu kama "wanatembea," nyuma kimya, kisha wote wanadaka "-bea." Mwalimu alisikiliza, akarudisha, akasikiliza tena. Halafu akasema, "Hawa hawasomi. Wanafuata."

Alikuwa amefundisha miaka mingi na hakuwahi kulisikia darasa lake kutoka nyuma. Hakuna mwalimu anayeweza, kwa sababu mwalimu anasimama mbele.

Kulikuwa na la pili ndani ya sauti ile. Kisukuma, lugha ya nyumbani ya watoto wa huku, hakina sauti ya r, kwa hiyo watoto wengi walisoma "analudi." Katika kuwapima mmoja mmoja, matamshi hayo yalikuwa yanawapunguzia alama sawasawa na yule ambaye hajui herufi kabisa. Siku zilizofuata aliwanasa sauti watoto wachache kila siku, dakika moja kwa kila mmoja, wenzao wakiwa wananakili ubaoni, huku yeye akitazama kidole cha mtoto kinapita wapi. Mtoto ambaye kidole chake kiko kwenye neno lenyewe na anasema "analudi" anasoma. Anasoma kwa ulimi wa nyumbani, na r itakuja. Mtoto anayetamka "anarudi" vizuri kabisa huku kidole kimeshavuka mstari amekariri, na huyo ndiye wa kushughulikiwa leo. Alipowapanga upya kwa jicho hilo, majina kadhaa yalibadilisha upande.

Halafu akabadilisha namna ya kusomesha, na hili alilibuni mwenyewe bila neno langu. Sasa mstari wa nyuma ndio unaoanza, mbele wanasubiri. Kisha mstari wa kati. Darasa zima kwa pamoja linasoma mwisho kabisa. Alininong'oneza kwamba siku ya kwanza mstari wa nyuma ulikaa kimya kabisa, na kimya kile kilimweleza zaidi ya matokeo ya mtihani wowote.

Niongeze tahadhari moja. Sauti na picha za watoto ni mali yao na ya wazazi wao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwapo, mtoto anayebabaika kusoma si wa kurushwa kwenye grupu la WhatsApp ili watu wamcheke au wamhurumie. Wazazi waambiwe kinachofanyika. Tunasikiliza, tunaandika alama kwenye daftari, tunafuta. Nalisisitiza hili kila ninapokwenda, na mwalimu anayelipuuza namwambia hapohapo.

Nimejifunza pia kutoegemea mafunzo ya mimi kuja na kuondoka. MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, umeweka Jumuiya za Kujifunza ndani ya shule, yaani walimu wa shule moja wanakaa pamoja kuzungumzia masomo yao. Palipo na jumuiya hai, kazi yangu ni nyepesi. Mwalimu wa mstari wa nyuma aliwasikilizisha wenzake ile sauti kabla ya kuifuta, na mjadala uliofuata mimi nisingeuweza. Kijana wa ajira mpya anayejua simu kuliko sisi sote alimuuliza yule mama wa darasa la kwanza, "Mama, wewe ungewapanga vipi?" Mama akaeleza. Kijana akamwonyesha namna ya kukata sauti iwe fupi. Walikuwa wanafundishana pande zote mbili, hakuna aliyeaibika.

Lakini jumuiya nyingi zinakutana saa tisa na nusu, na hapo nina ugomvi wa kweli. Saa hizo mwalimu mwanamke anafikiria maji, kuni na mtoto aliyemwacha kwa jirani. Anakaa kikaoni mkoba ukiwa mapajani, tayari kuondoka. Mwenzake wa kiume anabaki hadi jioni akijaribujaribu kishikwambi, na baada ya muhula mmoja tunaanza kusema kwamba wanaume ndio wanaopenda TEHAMA. Saa ya kujizoeza inatakiwa iwe ndani ya muda wa kazi, kwenye ratiba, kama kipindi kingine chochote.

Nchi hii ilishawahi kuliona jambo hili. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, teknolojia ilikuwa redio. Takriban watu wazima milioni 2 walisoma kuhusu malaria, kuhara na kichocho kwa kukaa kwenye vikundi vijijini, wakisikiliza kipindi kwa saa iliyopangwa, wakiwa na kitabu na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, na kipindi kikiisha walijadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Redio zilikuwa chache na betri zilikuwa ghali. Kilichokuwapo kwa wingi ni viongozi wa vikundi na saa inayojulikana. Wazee wa huku bado wanaikumbuka kampeni ile, na wanapoikumbuka wanakumbuka kikundi chao na waliokaa nao.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule ni dogo na ninalirudia kila mahali: saa moja kwa wiki, mchana, mwalimu na kishikwambi chake, bila watoto, bila mkaguzi, bila fomu ya kujaza baadaye. Shule yenye majaruba imekubali na saa hiyo iko kwenye ratiba ya Alhamisi. Shule ya jirani haijakubali, na mwalimu mkuu wake alinipa sababu ambayo sina namna ya kuibeza. Ana walimu wachache kuliko madarasa. Akimtoa mmoja, watoto wanakaa peke yao.

Tumekaa naye tukaipitia ratiba mstari kwa mstari. Watoto wa darasa la kwanza na la pili huondoka mapema kuliko wenzao, na walimu wao hubaki wakisahihisha madaftari hadi muda wa kazi uishe. Hapo ndipo tumeipata saa, kwa walimu wawili tu kwa sasa. Darasa la tatu hadi la saba bado hatujajua tutawafanyaje, na mpaka shule hiyo ipate mwalimu mwingine sidhani kama patapatikana jibu lisilomwonea mtu. Hao wawili wanaanza muhula huu na kinasa sauti, kwenye mstari wa nyuma.